UZI: Wenye mitaji wanaokuja "kuhifadhi" bahari Unguja na Pemba, tuwape au tusiwape?

MchokoaPweza (mwanzisha uzi)

Asalaam alaykum wanabaraza. Siku hizi kila kikundi cha WhatsApp cha Pemba ninachoingia nakuta ugomvi wa kampuni na taasisi za nje zinazotaka kutia pesa kwenye hifadhi ya bahari. Huyu anasema tumeshauzwa, yule anasema tumeokoka, na mwisho wake ni matusi. Nimeona bora tuweke uzi tuzungumze kwa hoja.

Kwanza tujue hizi pesa zinatokea wapi. Disemba 2022 nchi za dunia zilikubaliana Montreal kwamba ifikapo 2030 asilimia 30 ya nchi kavu na bahari iwe ndani ya hifadhi. Humo humo wakakiri kwamba pengo la fedha za kulinda viumbe na makazi yao ni dola bilioni 700 kwa mwaka. Wakajiwekea lengo la kukusanya dola bilioni 200 kila mwaka kutoka kila mfuko unaowezekana: serikali, wafadhili, mabenki, makampuni. Serikali zinajua mifuko yao imetoboka, ndiyo maana kila mkutano sasa ni "sekta binafsi, sekta binafsi".

Sasa tazama upande wa pili. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitoa hesabu mwaka 2023: pesa zinazokwenda moja kwa moja kwenye shughuli za kuharibu maumbile zinakaribia dola trilioni 7 kwa mwaka, na kiasi cha trilioni 5 katika hizo ni za watu binafsi. Zinazokwenda kuyatengeneza ni kama bilioni 200, na humo mkono wa sekta binafsi ni bilioni 35 tu. Yaani anayekuja kututilia kiraka ndiye huyo huyo aliyepasua kanzu.

Mie sisemi tuwafukuze. Ninachosema ni kwamba pesa ya mtu binafsi inafuata kinachouzika. Palipo na cha kuuza itakuja, na pengine italinda vizuri kuliko idara yoyote. Pasipo na cha kuuza haiji, hata tukiipigia ngoma. Na shehia isipokuwemo kwenye mkataba, ikija itatuacha sisi nje ya mwamba wetu. Nitaleta mifano ya hapa hapa kwetu.

Nahodha_Mkoani

Waalaykum salaam. Nimeshakaa kitako. Endelea sheikh, ila usituletee lugha ya semina.

MchokoaPweza

Haya, kisiwa cha Chumbe, hapo Unguja. Kila mtu anaitaja, lakini wachache wanajua ilivyokuwa. Mwaka 1991 mama mmoja wa Kijerumani, Sibylle Riedmiller, alianza kuhangaika na wazo la kukilinda kile kisiwa kwa pesa ya wageni. Serikali ikautangaza mwamba wake kuwa hifadhi mwaka 1994, na ndio unaohesabiwa kuwa hifadhi ya kwanza ya bahari duniani kuanzishwa na kuendeshwa na mtu binafsi. Nyumba za wageni ni saba tu. Maji ni ya mvua, umeme ni wa jua, vyoo havitumii maji. Walinzi wa mwanzo walikuwa wavuvi wa vijiji vya jirani, wakafundishwa kazi. Watoto wa skuli wanapelekwa kuangalia matumbawe, na wengi wao ni watoto wa pwani ambao hawajawahi kutia uso majini na miwani. Hata mgeni aliyelipa pesa nyingi haruhusiwi kupiga mbizi na mtungi.

Imefanikiwa. Samaki wapo na matumbawe yapo, na msitu wake una paa nunga na wale kaa wakubwa wa minazi. Lakini ulizeni kwa nini. Upande ule wa mwamba ulikuwa karibu na njia ya meli, na ng'ambo yake kuna kambi ya jeshi, kwa hiyo wavuvi wadogo hawakuwa wakiutegemea sana tangu zamani. Aliyenyang'anywa riziki ni kama hayupo. Sasa chukua mfano huo uuhamishie Kojani, ambako watu wanaishi kwa bahari tu, uone kitakachotokea.

Jambo la pili ni kwamba mwamba ule unalipiwa na kitanda. Machi 2020 ndege ziliposita, kitanda kikalala kitupu. Mlinzi lazima alipwe mgeni awepo asiwepo, kwa sababu jangili hasubiri korona iishe.

DalaliDarajani

Mkuu umeanza vizuri kisha ukaharibu. Kila biashara ina msimu mbaya. Serikali nayo 2020 ilikuwa na hali gani? Wewe unataka mwekezaji alete pesa, alinde, awape kazi, na juu yake asipate faida? Huyo si mwekezaji, huyo ni sadaka.

Angalieni Unguja: hoteli zimeleta barabara, umeme, ajira. 2024 tumepokea wageni zaidi ya laki saba. Hao wote wanakuja kutazama nini? Bahari. Mwenye hoteli ndiye wa kwanza kuumia ikifa. Mwacheni ailinde.

BiMwani

Dalali, shoga yako nakusalimu. Mimi nalima mwani pwani ya mashariki tangu nilipoolewa, na mama yangu alianza zao hili lilipoingia mwishoni mwa miaka ya themanini. Nikwambie hoteli inavyoilinda bahari.

Ilikuja hoteli moja, jina lake ninalo moyoni. Ikasema wageni hawapendi kuona vijiti na kamba zetu maji yakitoka, vinachafua picha. Tukaambiwa tusogee. Tukasogea kule penye mchanga mwepesi, mambo (vijiti vya kufungia kamba) hazishiki, bahari ikichafuka kidogo taitai (vikamba vya kufungia mwani) zinakatika na mwani unaondoka na maji. Kisha hoteli hiyo hiyo imeweka bango kubwa getini limeandikwa inahifadhi mazingira, na wanapanda matumbawe kwenye vyuma, mgeni analipia tumbawe moja anapewa na cheti.

Simkatalii kupanda tumbawe. Ila mwani wangu nao ni makazi ya samaki, watoto wa chafi na tasi wamo humo. Huo haukuwa na cheti.

Nahodha_Mkoani

Bi Mwani umemaliza.

MchokoaPweza

Dalali, hoja yako ina uzito na sitaki kuipita. Ni kweli mwenye hoteli anaumia bahari ikifa. Shida ni kwamba anaumia na mwenzake kwa pamoja, lakini kulinda kila mmoja anamuachia mwenzake. Nenda Mnemba asubuhi ya msimu. Eneo lile limetangazwa kuwa hifadhi tangu 2002, na watu wanalipa kiingilio. Hesabu boti zinazomzunguka pomboo mmoja. Kila nahodha anajua pomboo wanakereka, na kila nahodha anajua akirudi nyuma yeye, mgeni wake atampanda mwenzake kesho. Hapo uhaba si wa mtaji. Kinachokosekana ni mtu wa kusema "boti zimetosha leo" na akasikilizwa.

MtumishiMstaafu

Vijana, nimefuatilia kimya kimya. Nimekaa serikalini miaka mingi kwenye mambo ya misitu na mapato, naomba nichangie mawili matatu.

La kwanza ni HIMA, ule mradi wa misitu ya vijiji. Wenye umri wanaikumbuka. Ulianza 2010, CARE ikiusimamia kwa fedha za Norway. Shehia zikatiwa saini mikataba ya kusimamia misitu yao, zikachora mipaka, zikaweka kanuni za kukata kuni, na wananchi wakaambiwa msitu ukisimama kaboni yake itauzwa na pesa itarudi kijijini. Watu walijinyima kuni. Malipo ya majaribio yalitoka kwa pesa ya mradi, lakini soko lile la kaboni lililozungumzwa halikufika kama lilivyoahidiwa. Misitu yetu ni vipande vidogo, na gharama ya kupima, kukagua na kuandikisha ni karibu ile ile ukiwa na msitu mdogo au ukiwa na msitu wa Kongo. Kilichobaki cha maana ni ile mikataba ya shehia. Hicho mimi nakithamini, ila hakikuja kwa mwekezaji.

La pili, hatifungani, yaani karatasi ya deni: mwekezaji anakukopesha, unamlipa kwa riba. Watu wanauliza kwa nini Zanzibar isifanye kama Shelisheli. Shelisheli mwaka 2018 ilitoa hatifungani ya buluu, ya mambo ya bahari, ya dola milioni 15, ya kwanza ya aina yake duniani. Wanunuzi walikuwa wawekezaji binafsi wa Marekani, ni kweli. Lakini Benki ya Dunia ilisimama nyuma na dhamana ya milioni 5, na mkopo nafuu wa milioni 5 nyingine ukawekwa kupunguza mzigo wa riba. Bila mgongo wa umma wale wawekezaji wasingekuja. Halafu Shelisheli ni nchi yenye mamlaka yake kamili, sisi mkopo wa nje unapita kwenye dhamana ya Muungano. Hili si la lawama, ni la kujua njia ilivyo.

Hapa nyumbani, mamlaka ya maji ya Tanga mwaka 2024 ilikusanya shilingi bilioni 53.12 kwa hatifungani ya kijani, na wanunuzi walizidi kiasi kilichotafutwa. Vizuri sana. Lakini Tanga kuna mita. Kila nyumba ikifungua bomba, mita inazunguka, bili inatoka, mwenye hatifungani analipwa. Mwamba wa kisiwa cha Misali, kule Pemba, hauna mita.

DalaliDarajani

Mzee nakuheshimu, ila mwamba una mita: mgeni. Tangu Oktoba 2024 kila mgeni anayeingia Zanzibar analipa dola 44 za bima ya lazima. Ongeza dola moja tu ya bahari, umeshapata mita yako.

MtumishiMstaafu

Ile bima ni ya mgeni mwenyewe akiugua au mzigo wake ukipotea. Haimgusi samaki. Lakini wazo si baya. Kule Quintana Roo, Mexico, fedha zinazotokana na utalii zilitumika kukata bima ya miamba. Kimbunga Delta kilipopiga Oktoba 2020 bima ikalipa, na kikosi cha wapiga mbizi waliokwishafundishwa kikaingia majini kuyasimamisha matumbawe yaliyovunjika. Wenye hoteli kule walikubali kwa sababu mwamba ndio unaozuia wimbi lisibebe mchanga wa pwani yao. Sisi adui yetu mkubwa ni joto zaidi kuliko kimbunga. Matumbawe yalipauka 1998, yakapauka 2016, na 2024 dunia nzima ikatangaziwa upaukaji mwingine. Tumbawe lililokufa kwa joto huligandishi kwa gundi.

UstadhVitongoji

Mbona mnatafuta mbali? Visiwa hivi vina wakfu tangu enzi na enzi. Mtu anafunga shamba la minazi, mapato yanakwenda msikitini na kwa mayatima, na shamba haliuzwi wala halirithiwi na mtu. Kwa nini wenye uwezo wetu, waliopo hapa na waliopo Maskati na Dubai, wasifanye wakfu wa doria ya bahari? Pesa ya mtu binafsi ni hiyo pia. Na serikali imeshazindua sukuk (hatifungani ya Kiislamu isiyo na riba) mwaka 2025, basi ije siku ya sukuk yenye masharti ya mazingira.

Na msisahau Misali. Miaka ya tisini mwanzoni kulikuwa na mpango wa kukikodisha kwa ajili ya hoteli. Wavuvi waliokuwa wakipiga dago (kambi ya uvuvi) pale wakapinga, wahifadhi wakapinga nao, na 1998 kisiwa kikatangazwa kuwa eneo la hifadhi. Baadaye wakaja watu wa taasisi ya Kiislamu ya mazingira kutoka Uingereza wakakaa na maimamu na wavuvi, wakasoma aya zinazohusu amana na kutofanya ufisadi katika ardhi. Mvuvi aliyekuwa hasikii la bwana samaki akasikia la imamu.

MchokoaPweza

Ustadh, Misali ndiyo jibu la swali la kichwa cha uzi kwa upande mmoja: kuna mahali hifadhi ilianza kwa kumkataa mwekezaji. Na ongezea popo. Popo wa Pemba hapatikani popote pengine duniani. Hesabu za 1995 zilimuweka kama elfu tano, tukimla kwa mchuzi na kumkatia miti. Hesabu za 2007 zikakaribia elfu ishirini. Nani alilipa? Vikundi vya vijiji na misaada midogo ya wahifadhi, na pale Kidike wanakijiji wakawa wanatoza mgeni kiingilio kidogo akatazame. Hakuna benki iliyokuja kwa sababu ya popo. Popo hana mita wala kitanda.

Sasa nifike kwenye ninalolijua kwa mikono yangu, pweza.

Huku kwetu kusini, kuanzia Kisiwa Panza hadi vijiji vya jirani, tunafunga sehemu ya mwamba kwa miezi kama mitatu. Mtindo huu ulianza Madagascar mwaka 2004 na hapa ukaletwa na watu wa Mwambao, shirika linalofanya kazi na vijiji vya pwani, pamoja na wenzao. Pweza anakua haraka, ukimwacha mwezi mmoja tu uzito wake unaweza kuongezeka maradufu. Kwa hiyo faida inaonekana kabla watu hawajachoka kusubiri, tofauti na changu au chewa.

Siku ya kufungua huchaguliwa bamvua, maji yanapotoka sana. Alfajiri pwani imejaa, akina mama na michokoo yao mbele, wanaume na miwani upande wa maji marefu. Sheha anasimama, kamati ya wavuvi inatoa ishara, watu wanaingia. Anayejua anatazama vifusi vya magamba mlangoni mwa shimo, anatia mchokoo taratibu, pweza anaushika mwenyewe. Ukirudi juu unakuta mnunuzi ameshatundika mizani. Na hapo ndipo hadithi inapogeuka. Mzigo ni mkubwa, mnunuzi ni mmoja au wawili, barafu ni yake, gari ni lake. Anasema bei, nawe pweza wako anaanza kulainika juani. Tumelinda mwamba miezi mitatu, faida kubwa inaondoka na aliyeleta barafu.

Na kuna doria. Usiku wa kuamkia kufungua, mashua za mbali zinajua siku. Lazima boti izunguke. Boti inakunywa petroli. Watu wakisema "gharama za uhifadhi", mie naona dumu la petroli na posho ya vijana wanne wasiolala.

Kwa hiyo mwenye mtaji akija kwetu akiuliza aweke wapi, jawabu ninalo: mashine ya barafu inayomilikiwa na kijiji, na petroli. Anunue pweza kwa bei ya maana kutoka mwamba uliofungwa, auze Ulaya kwa jina hilo, apate faida yake halali. Hicho kinauzika, na kinauzika kwa sababu mwamba unalindwa. Hati za kaboni na hati za viumbe hai za kuuzwa kwenye mtandao mie sizifahamu zitamfikia vipi bibi mwenye mchokoo.

BiMwani

Na vikundi vya kuweka na kukopa je? Sisi tuna MKUBA. Mnaweka akiba, mnakopeshana, na mfuko unaongezewa kitu mkitimiza kazi ya mazingira mliyokubaliana: kupanda mikoko, kusafisha pwani, kulinda eneo lililofungwa. Aliyekopa kununua cherehani anajua mfuko umenona kwa sababu ya mikoko. Nayo ni pesa binafsi, tena ya wanawake. Nashangaa uzi mzima unataja mabilioni hakuna aliyetaja kibubu.

MchokoaPweza

Haki yako. Na kile kibubu hakikimbii ndege zikisita.

DalaliDarajani

Nakubali barafu, nakubali kibubu. Lakini wakuu, vibubu havitazuia kigumi na juya, uvuvi wa nyavu unaovunja matumbawe, kwenye mkondo mzima wa Pemba. Eneo la hifadhi la mkondo lililotangazwa 2005 ni kubwa mno, linataka boti za kasi, redio, mishahara ya kila mwezi. Kaskazini sasa serikali imeingia ubia na Blue Alliance, taasisi ya nje, kusimamia hifadhi pamoja. Mnataka tusubiri bajeti ya wizara?

MtumishiMstaafu

Hapo Dalali yuko sahihi, na tusimpinge kwa sababu ya jina lake. Bajeti ya idara ikikatwa, kitu cha kwanza kufa ni mafuta ya boti. Nimeliona hilo mara nyingi mno.

Mimi ningeutazama mkataba wenyewe. Kama kuna mkopo wa kuendesha hifadhi, unalipwa na nini, viingilio vya wageni? Wageni wa Pemba ni wachache kuliko wa Unguja, je makadirio yamejengwa juu ya wageni walioko au wa ndotoni? Wasipofika, nani anabeba deni? Muda wake ni wa miaka mingapi, na kuna kipengele cha kuuvunja? Chumbe mkataba wa kusimamia ulikuwa wa muda maalumu unaohuishwa, serikali ikabaki mwenye mali. Huo ni mpango wa busara. Kukodisha kisiwa kizima kwa kizazi na nusu ni habari nyingine.

Nahodha_Mkoani

Na mkataba uandikwe Kiswahili. Mie nimeshawahi kutia saini ya kuhudhuria kikao, kumbe baadaye karatasi inasomwa kwamba nimeridhia. Tangu siku hiyo naandika pembeni "nimehudhuria tu".

BiMwani

😂 Nahodha! Lakini si mzaha, nami nitaiga.

UstadhVitongoji

Mchokoa Pweza, suala la barafu umelifuatilia? Kuna jamaa yangu Chake ana chumba cha baridi cha zamani, mashine yake nzima, anataka kuiondoa. Wakfu mdogo wa watu wachache tunaweza kuinunua. Shida ni umeme kufika diko lenu, pale mnaposhushia samaki.

MchokoaPweza

Ustadh nitumie ujumbe pembeni. Umeme upo hadi skuli, kutoka pale hadi dikoni ni nguzo chache. Nitamuuliza sheha kama kamati inaweza kuandika barua, na nani atakuwa mwenye mashine kwa maandishi, kamati ya wavuvi au kikundi cha akina mama. Mie naona akina mama. Wanaume watasema lao.

Nahodha_Mkoani

Akina mama. Sie tukipewa barafu tutaiwekea juisi.